Wati 100 za Kwenye Kibandiko

Kuna makala nimekuwa nikiiahirisha kwa sababu inaniaibisha kidogo. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, nalipwa mshahara kwa kuandika programu, na katika ukoo wetu mimi ndiye "yule wa kompyuta". Redio ikinyamaza, naitwa. Simu ikikwama, naitwa. Leo nitawaeleza jinsi yule wa kompyuta alivyozidisha nambari mbili, akapata jibu lisilo na kosa hata moja la hesabu, na samaki wa shangazi yake wakaoza.

Msiopenda hesabu msikimbie. Mlinganyo ni mmoja tu, nao nitaueleza kwa mtungi wa maji.

Hesabu ya darasa la nne

Shangazi yangu anaishi kijijini, nje ya Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Nyaya za stima hazijafika kwake. Ana kibanda karibu na shule, na kwa muda mrefu alikuwa akitamani friza: auze maji baridi, barafu za ukwaju kwa watoto wa shule, na samaki anaoletewa kutoka Mtwapa. Mwishoni mwa mwaka 2022 chama chao cha akina mama kikakubali kumkopesha shilingi elfu 90, alipe kidogo kidogo kila mwezi. Kabla ya kuzichukua akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Hizi sola zitatosha au nitajitia kitanzi?"

Nilichukua kalamu. Friza hula kama wati-saa 750 kwa siku. Nikamwambia anunue paneli tatu za wati 100 kila moja, betri ya volti 12 ya ampea-saa 200, kontrola ya kawaida, na inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 240. Pwani tuna jua la kutosha, nikahesabu saa tano za jua kali kwa siku. Wati 300 mara saa 5 ni wati-saa 1,500. Mahitaji ni 750. Mara mbili kamili!

"Shangazi, chukua. Itatosha na kubaki."

Nilikwenda likizo ya Krismasi, nikapanda juu ya mabati mwenyewe, nikafunga paneli, nikaunganisha nyaya. Friza ikanguruma. Watoto wakapanga foleni ya barafu. Nikarudi Nairobi nikiwa nimevimba kichwa.

Mei 2023

Januari hadi Machi hakukuwa na neno. Aprili nikaanza kupata simu kwamba inveta inalia usiku. Nikamwambia apunguze kufungua friza. Siku moja akaniambia hivi: "Siku hizi mnazi unanila kivuli." Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka vizuri kwa aibu: "Shangazi, kivuli hicho ni cha jani tu, hakiwezi kuwa kitu."

Katikati ya Mei alikuwa ameleta samaki wengi kuliko kawaida kwa sababu ya harusi ya jirani. Inveta ikazima saa tisa usiku. Alipoamka asubuhi, barafu ilikuwa maji na samaki walikuwa wameanza kunuka. Aliwatupa wote. Mwezi huo hakuweza kupeleka marejesho ya chama, na mwanamke asiyepeleka marejesho huketi nyuma kwenye mkutano bila kuambiwa.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Labda sola yenyewe si nzuri." Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu sola haikuwa na kosa. Hesabu ndiyo iliyokuwa na kosa, na hesabu ilikuwa yangu.

Kibandiko kinasema nini hasa

Geuza paneli yoyote, utaona kibandiko nyuma. Cha shangazi kiliandikwa hivi:

- Nguvu ya juu kabisa: wati 100
- Volteji katika nguvu hiyo: volti 18
- Mkondo katika nguvu hiyo: ampea 5.56
- Volteji bila kuunganishwa na kitu: volti 22
- Mkondo nyaya zikigusanishwa: ampea 6

Chini yake, kwa maandishi madogo: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, seli zikiwa na joto la digrii 25.

Someni tena hiyo digrii 25. Si joto la hewa, ni joto la seli yenyewe. Kiwandani paneli humulikwa kwa taa maalumu kwa kitambo kifupi sana, kabla haijapata nafasi ya kupata joto. Hiyo ni haki, maana bila kipimo kimoja cha wote hatungeweza kulinganisha paneli ya huyu na ya yule. Lakini je, juu ya mabati ya Kaloleni saa sita mchana, ni lini umewahi kugusa kitu cheusi kikawa na digrii 25?

Na kuna jambo la pili. Zidisha volti 18 kwa ampea 5.56, unapata 100. Hiyo ndiyo wati 100 yenyewe: ni nukta moja tu. Paneli haina nguvu moja. Ina mstari mzima uliopinda, kutoka ampea 6 zenye volti 0 hadi volti 22 zenye ampea 0, na miisho yote miwili haina nguvu hata chembe. Paneli itakaa wapi kwenye mstari huo? Paneli haichagui. Kinachochagua ni kitu ulichoiunganisha nacho.

Mimi nilizidisha kana kwamba nukta ile ni makazi yake ya kudumu.

Mtungi wenye tundu

Nilianza kusoma usiku baada ya kazi. Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilitangazwa mwaka 1954 na maabara ya Bell, Marekani, na watu watatu: Chapin, Fuller na Pearson. Ilikuwa ikigeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Mlinganyo unaoelezea tabia yake ulikuwa umeshatayarishwa nusu: William Shockley, wa maabara hiyo hiyo, alikuwa ameandika mwaka 1949 jinsi mkondo unavyopita katika diodi. Kwani seli ya sola ni nini? Ni diodi iliyoanikwa juani.

Huu hapa:

I = IL − I0 × (e^((V + I×Rs)/a) − 1) − (V + I×Rs)/Rsh

Usiogope. Fikiria mtungi chini ya bomba. IL ni maji ya bomba, yaani mkondo unaozalishwa na mwanga. Mwanga ukipungua nusu, maji ya bomba hupungua nusu. Mtungi una tundu pembeni, nalo ni tundu la ajabu: maji yakiwa chini halivuji karibu chochote, lakini kimo kikipanda kidogo tu uvujaji huzidi maradufu, kisha maradufu tena. Kimo cha maji ni volteji, V. Tundu ni ile sehemu ya I0. Kwa paneli ya shangazi I0 kwenye digrii 25 ni nambari ya ampea yenye sifuri nane baada ya nukta, ndogo hata haionekani, ila ile e yenye kipeo huikuza vibaya sana volteji inapokaribia 22. Hapo uvujaji hulingana na bomba, na hakuna tone linalobaki kwa ajili yako.

Rs ni ukinzani wa mfululizo: nyaya nyembamba na viungo vya ndani vinavyokula volteji. Rsh ni ukinzani sambamba: nyufa ndogo za mtungi. Na a hubeba idadi ya seli na joto lake.

Vigezo ni vitano: IL, I0, Rs, Rsh na a. Kibandiko hakivitaji, lakini kinakupa nukta tatu ambazo mstari lazima uzipitie, na karatasi ya mtengenezaji hukupa jinsi volteji na mkondo vinavyobadilika kwa joto. Mwaka 2006 De Soto, Klein na Beckman wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha namna ya kuvipata vyote vitano kutokana na maelezo ya mtengenezaji peke yake, na namna ya kuvihamisha kwenda kwenye joto na mwanga mwingine. Siku hizi kuna maktaba ya bure ya Python iitwayo pvlib inayofanya haya yote. Lakini mimi nilitaka kuandika mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu.

Kelvin

Wanaoandika programu wameshaona tatizo: I iko pande zote mbili za mlinganyo. Huwezi kuitoa kwa aljebra ya sekondari. Unakisia, unapima umekosea kiasi gani, unafuata mteremko, unakisia tena. Ndiyo njia ya Newton, na kwa mstari huu hatua nne au tano hutosha ukianzia mahali pa busara.

Mara ya kwanza jibu la hatua ya kwanza lilikuwa na tarakimu kumi na tisa. Yaani paneli ya shangazi ilikuwa inafyonza umeme kuliko Afrika Mashariki nzima. Nilikaa saa mbili natafuta kosa katika mteremko. Kumbe nilikuwa nimeweka joto kwa digrii 64, badala ya Kelvin 337. Kipeo hakisamehe. Hilo nawaachia wenzangu kama zawadi: ukiona fizikia imepagawa, angalia vipimo kabla hujaangalia mantiki.

Hiyo 64 yenyewe nimeitoa wapi? Watengenezaji wengi huandika joto la seli katika hali ya kawaida ya kazi, mara nyingi karibu digrii 45, likipimwa kwa mwanga wa wati 800 na hewa ya digrii 20. Kwa hiyo seli huzidi hewa kwa digrii 25 kwa kila wati 800 za mwanga. Hewa ya 33 na mwanga wa 1,000 vinakupa 33 + 31, yaani 64. Na hiyo ni paneli iliyoinuliwa ipitiwe na upepo. Yangu niliilaza karibu kabisa na mabati.

Kila digrii juu ya 25 hukata kama asilimia 0.4 ya nguvu. Digrii 39 za ziada, asilimia 16 imekwenda. Wati 100 zimekuwa 84. Kwenye mtungi wetu, joto hupanua tundu: maji ya bomba hayapungui (yanaongezeka kidogo hata), ila mtungi hauwezi tena kujaa hadi kimo kile. Volti 22 huwa kama 19.4, na nukta ya nguvu ya juu hushuka kutoka volti 18 hadi kama 15.

Ile asilimia 30

Wakati naandika haya yote, fundi mmoja alikuwa ameshamwambia shangazi dawa yake: anunue kontrola ya MPPT, "inaongeza asilimia 30". Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya paneli moja. Shangazi alikuwa tayari kukopa tena. Akanipigia simu kuniuliza, na safari hii nilisema maneno ambayo wataalamu hatuyapendi: "Shangazi, nipe siku tatu."

Kontrola aliyokuwa nayo, ya PWM, ni swichi tu. Huiunganisha paneli na betri moja kwa moja. Betri ikiwa na volti 13, paneli nayo hulazimika kukaa karibu na volti 13, itake isitake. Kontrola ya MPPT ni mjanja zaidi: huacha paneli ikae kwenye nukta yake bora, kisha hubadilisha volteji ya ziada kuwa ampea za ziada.

Nikaendesha modeli, kwanza kwa digrii 25. PWM: ampea 5.8 kwa volti 13, ni wati 75. MPPT: wati 100 ukiondoa asilimia 4 za kontrola yenyewe, ni 96. Tofauti ni asilimia 28. Fundi hakusema uongo!

Kisha nikaweka digrii 64. PWM: ampea 5.9 kwa volti 13, wati 77. MPPT: 84 ukiondoa 4 kwa mia, wati 81. Tofauti ni asilimia 5.

Niliitazama hiyo nambari kwa muda. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kwenye karatasi: joto linakula asilimia 16, PWM inakula 25, zidisha hasara zote mbili, imebaki wati 63. Hilo lingekuwa kosa la pili kwa kalamu ile ile. Hasara hizi mbili hazizidishwi, kwa sababu zinakula mahali pamoja. PWM hutupa volti zilizo juu ya 13. Joto nalo hutupa volti hizo hizo. Mwizi wa pili akiingia nyumba iliyokwisha ibiwa, ataiba nini? Ni mstari uliopinda pekee unaoweza kukuonyesha hilo. Orodha ya asilimia haiwezi.

Asubuhi na siku za mawingu seli huwa baridi zaidi, na MPPT hupata kama asilimia 15. Kwa siku nzima ya pwani nikakadiria 10. Huko Limuru au Nyahururu kwenye baridi ningesema mengine. Lakini je, asilimia 10 ingeokoa samaki?

Jani la mnazi

Nikapanda basi Ijumaa usiku na mita yangu mkobani. Jumamosi anga ilifunguka. Saa sita mchana modeli ilisema ampea 16.8 kwa paneli zote tatu kwa jua la Mei lisilo na wingu. Mita ikasema 15.7. Tukafuta vumbi na mavi ya kunguru, ikapanda 16.5. Nilifurahi kama mtoto. Hesabu yangu ya usiku Nairobi na bati la Kaloleni zilikuwa zinaongea lugha moja.

Shangazi alikuwa chini ya ngazi. "Usishuke," akasema. "Ngoja saa nane."

Saa nane na dakika chache kivuli cha mnazi kikapanda juu ya paa. Saa tisa kilikuwa kimelala juu ya paneli zote tatu, michirizi myembamba ya majani, hata robo ya eneo haikufunikwa. Modeli isiyo na kivuli ilisema ampea 12. Mita ilisema 2.8.

Seli 36 za paneli zimefungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine kama watu wanaopitishiana ndoo za maji. Mkondo ni mmoja kwa wote. Mmoja akichoka, ndoo zote hungoja. Seli moja ikipata moja ya tano ya mwanga, paneli nzima hushuka karibu na moja ya tano. Seli moja ni asilimia 3 ya paneli, inakula asilimia 80.

"Lakini kuna diodi za kupitisha pembeni," atasema msomaji mjuzi. Kweli, paneli kama hizi kwa kawaida huwa na mbili, kila moja ikilinda seli 18. Seli zilizofunikwa zikirukwa, nusu ya pili huendelea. Ila nusu hiyo ya seli 18 zenye joto haifikishi hata volti 10, na betri inadai 13. Mlango wa dharura upo, lakini unafunguka ukutani. Diodi hizo zingesaidia kama paneli zingefungwa mfululizo kwenye kontrola inayokubali volteji kubwa. Kwenye betri ya volti 12 na swichi ya PWM, hazikumsaidia shangazi hata kidogo.

Kwa nini basi Januari haikuwa hivyo? Kaloleni iko digrii kama 4 kusini mwa ikweta. Desemba jua huwa upande wa kusini. Mwezi Machi hupita utosini, kisha huhamia kaskazini na kukaa huko hadi mwanzo wa Oktoba. Mnazi uko kaskazini-magharibi mwa nyumba. Nilifunga paneli Desemba, nikatazama kivuli cha Desemba, nikaondoka. Shangazi ndiye aliyekaa na kivuli cha Mei, akakiona, akaniambia, nami nikamjibu kwamba si kitu.

Nilipomweleza yote haya, alitwaa ncha ya leso yake akaifunika juu ya seli moja tu ya paneli ambayo kivuli kilikuwa kimekwisha iachia. Akatazama mita ikianguka. Akaiondoa, ikapanda. Akarudia mara tatu. "Basi," akasema, "kumbe jani si kitu."

Nilistahili.

Hesabu ya pili

Nikaketi mezani na kufanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya Desemba. Safari hii niliweka pia betri, ambayo hairudishi kama asilimia 15 ya unachoiweka, na inveta, ambayo hula wati 12 mchana na usiku hata friza ikiwa imelala. Hizo peke yake ni wati-saa 288 kwa siku. Umeme unaofika kwenye friza, kwa siku moja:

- Kiangazi, bila kivuli: wati-saa 800 hivi. Mahitaji ni 750. Ile "mara mbili" yangu haikuwahi kuwepo hata siku moja.
- Mei, na kivuli: 410.
- Mei, na kivuli, ukinunua MPPT: 475.
- Mei, paneli zikihamishwa kivulini: 570.
- Zikihamishwa, na inveta ikizimwa saa 10 za usiku: 675.
- Hayo yote, na paneli ya nne: 950.

Ukitazama mstari wa tatu utaelewa kwa nini niliandika makala hii. Shangazi angekopa mara ya pili, angenunua kifaa kizuri kisicho na kosa lolote, na samaki wangeoza tena. Paneli moja zaidi, kwa chini ya nusu ya bei, ilifanya kazi ambayo kifaa hicho kisingeweza. Na kuhamisha paneli kulitugharimu misumari, mbao na jasho.

Nilipendekeza njia fupi zaidi: tukate mnazi. Shangazi alinitazama. Mnazi ule umekodishwa kwa mgema.

"Mnazi hunilipa kila mwezi," akasema. "Sola yako bado."

Tukajenga fremu ya mbao upande wa mashariki wa paa, juu ya mabati kwa kimo cha shubiri moja ili upepo upite chini. Kwa usiku tulijaza chupa kumi za maji ndani ya friza. Mchana jua linazigandisha, saa nne usiku anazima inveta, na barafu inawalinda samaki hadi saa mbili asubuhi. Hiyo ni betri ya bei rahisi kuliko zote. Betri yenyewe ilikuwa imeumia: ya asidi ikikaa muda mrefu bila kujaa, fuwele za salfeti huganda kwenye bamba zake na haziyeyuki tena kwa urahisi. Haikurudi kuwa ya ampea-saa 200. Nilimlipia marejesho ya miezi miwili, naye hakukataa. Sikutaka akatae.

Chama alikimaliza mwaka uliofuata. Friza bado inanguruma.

Ya kwenda nayo

Modeli yangu nzima ni mistari kama 80 ya Python. Si kitu cha kujivunia. Data ya jua la mahali pako unaweza kuipata bure kwenye PVGIS ya Tume ya Ulaya, ambayo inafikia Afrika pia, au NASA POWER. Lakini hakuna satelaiti itakayokuonyesha mnazi wa jirani. Hiyo uliza anayekaa hapo.

Kwa hiyo, kama una paneli nyumbani, fanya mambo matatu kabla ya kununua chochote. Panda juu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, Juni na Desemba, utazame kivuli. Gusa mgongo wa paneli saa sita mchana (kwa uangalifu!). Na mtu wa nyumbani akikwambia kitu kuhusu jani, nyamaza, mwache amalize.

Haya, kwa leo naishia hapo. Atakayetaka ule msimbo aniandikie nitampa, na atakayeona kosa katika hesabu zangu aniambie bila kunionea haya. Nimeshazoea.